Jiwe la Kisima cha Membeni

Ukizidi kuchimba utaikuta bahari. Ndivyo nilivyomwambia mjomba wenu Sadala leo asubuhi, nanyi mkaangua kicheko mpaka Shani akapaliwa na chai. Mlicheka kwa sababu mjomba mwenyewe alikuwa kichekesho. Mkewe kamsamehe juzi, mbele yangu, kosa limekwisha. Yeye, badala ya kunyamaza ale wali wake, akaanza: "Umenisamehe kweli? Kabisa? Hujabakiza kitu moyoni?" Akauliza jana, akauliza tena alfajiri, mpaka mwanamke wa watu akamtolea yote aliyokuwa ameyameza tangu mwaka wa harusi, akafunga kanga zake akaenda kwao. Ndipo nikamwambia neno lile, nanyi mkacheka.

Mimi sikucheka. Nyinyi mnaliona ni neno la utani, na mji huu mzima unaliona hivyo hivyo, wanalitupa kwenye karata na kwenye ngoma za harusi. Lakini neno hili lina maiti ya mtoto ndani yake. Kaeni chini. Badi, weka hiyo simu, au kaichezee uani. Mmeniuliza limetoka wapi, na aliyebaki wa kuwaambia ni mimi, basi nitawaambia lilivyoanza. Ila msinikatize kwa "halafu, halafu". Nitafika tu.

Lilianza Membeni. Membeni ni kisiwa kidogo. Ukibandika chungu cha maharage ukatoka ukakizunguka kisiwa kwa miguu, utarudi maharage bado magumu. Siku hizi hakai mtu huko. Wapo kaa, na wale ndege weupe wa baharini, membe, waliokipa jina lake, na wavuvi hupita mara mojamoja kuanika samaki wao wakaondoka. Upande wa mashariki ni mwamba mtupu, umeliwa na mawimbi mpaka umeota meno, hukanyagiki bila viatu. Upande wa magharibi kuna mchanga kidogo na mikoko. Katikati kuna udongo mwekundu, mwembamba, umekaa juu ya jiwe, na ukilima jembe linalia.

Hakuna mto kule, wala kijito, wala bonde la kutuamisha maji. Masika ikinyesha, maji huzama papo hapo, kwa sababu jiwe la Membeni ni la matumbawe, limejaa vitundu. Mgeni akiona vile husema, ama kweli maji haya yamepotea. Hayajapotea. Yanakaa chini, matamu, yameelea juu ya maji ya chumvi. Maana bahari haikizunguki kisiwa kile pembeni tu, imepita na chini yake. Maji matamu ni mepesi na ya bahari ni mazito, basi haya yamekaa juu ya yale kama mafuta juu ya mchuzi. Nawaambia jambo hili mapema mlijue, kwa sababu wenyewe wa Membeni wengi wao hawakulijua.

Kisima cha maana kilikuwa kimoja, katikati ya kisiwa, penye miti ya mikadi. Walikichimba mababu wa mababu zao, na walipoyafikia maji matamu wakatandika jiwe bapa chini kabisa, wakasema hapa ndipo mwisho. Chini ya jiwe lile hapachimbwi. Na maji hayakutekwa kwa ndoo, mtu akaitumbukiza akaivuta kwa nguvu. Yalitekwa kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, juu juu, polepole, bila kuyatibua. Kata yenyewe ilikuwa na mshikaji wake, mwanamke mtu mzima, na neno lake pale kisimani lilipita la jumbe.

Watoto waliambiwa kwamba chini ya jiwe amelala jini, ukimwamsha atatema mate. Hata watu wazima wengi waliishia hapo hapo kwenye jini. Sababu yenyewe aliijua mshika kata peke yake, na yeye aliambiwa na mshika kata aliyemtangulia, kwa siri. Sijui siri ilikuwa ya nini. Pengine waliona watu humwogopa jini kuliko wanavyoogopa maelezo. Mimi nasema hapo ndipo walipoanza kukosea, lakini nani ataniuliza mimi.

Wakati wa habari hii mshika kata alikuwa Bi Time binti Vuai, mjane, mkavu wa maneno, mwadilifu mpaka watu wakamwogopa. Alikuwa na binti mmoja tu aliyekua, jina lake Mize. Mize aliolewa na Ngwali, mvunja mawe, aliyekuwa akikata mawe ya kujengea na kuchoma chokaa. Walikaa miaka bila mtoto. Watu wakasema yao, mnawajua watu. Mwishowe Mize akazaa, mtoto wa kiume, wakamwita Mbaruku, na Ngwali alifurahi hata akawa anakwenda kazini kamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mkewe, wanaume wenzake wakimcheka na yeye akicheka nao. Alikuwa mtu mwema. Msitafute mtu mbaya katika habari hii, hayumo.

Mbaruku alikuwa bado ananyonya, hata kukaa hajajua, mwaka masika ilipokataa kuja. Ilinguruma mbali, ikanyesha huko baharini watu wakiiona kwa macho yao, na kisiwani yakaanguka manyunyu ya kulowesha vumbi basi. Kisha ukaingia upepo wa kusi, mkavu, mkali, ukakausha hata hicho kidogo. Minazi ikapukutisha vidaka na madafu yakaisha. Mbuzi walihamia kwenye majani ya mikoko, wakafa mmoja mmoja. Membe wakaondoka wote, na watu wakashtuka kwa ule ukimya, kwa sababu walikuwa wamezoea kuamshwa na makelele yao. Kwenda bara kuchukua maji haikuwezekana. Mlango wa kutokea kwenye mwamba uliokizunguka kisiwa ulikuwa ukipigwa na mawimbi ya kusi, na mashua iliyothubutu ilirudi mbao mbao, waliomo wakaokolewa kwa kamba.

Kisimani maji yakashuka mpaka jiwe likawa linaonekana. Bi Time akaanza kugawa. Kata moja kwa kila mtu kwa siku, na anayenyonyesha kata moja na nusu. Alisimama pale tangu asubuhi, nyuki wakimzonga mkononi kwa kiu yao, na kila mtu alipata chake, hakuna aliyepunjwa. Binti yake alipofika alimpimia vile vile alivyompimia jirani. Watu walimtazama sana siku za mwanzo, wakaona hampendelei, wakaridhika. Wasilolijua ni kwamba nusu ya kata yake mwenyewe Bi Time ilikuwa inakwenda kwa Mize kila jioni, na yeye akilala na midomo iliyopasuka.

Lakini kila kulipokucha maji yalikuwa yamerudi. Kidogo, kadiri ya yale ya jana. Hayakuzidi, na hayakukosa kurudi. Lishikeni hilo.

Maziwa ya Mize yakapungua. Sikusema yalikatika, nimesema yalipungua. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akarudi kunyonya. Akakonda, macho yakawa makubwa kuliko uso. Siku zikipita kilio chake nacho kikawa chembamba, ikafika mahali anapanua mdomo wote na sauti haitoki. Ngwali hakuweza kulitazama hilo. Kila mtoto alipoanza, yeye alitoka nje akaenda kuvunja mawe ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nani ajenge mwaka ule?

Alasiri moja akaiacha nyundo yake akaenda kwa mkwewe. Adabu ya mkwe ya zamani si hii yenu ya kupiga naye picha mmekumbatiana. Mkwe na mkwewe hawakutazamana usoni. Ngwali alikaa kwenye ngazi ya baraza akampa mgongo, na Bi Time akakaa nyuma ya mlango, wakazungumza hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu kashindaje?"

"Kashinda analia, mama. Sasa hata kulia kunamshinda."

Bi Time akasogea karibu na mlango.

"Mama, nimekuja na ombi. Lile jiwe la kisimani. Nipe ruhusa niling'oe, nichimbe dhiraa moja tu, isizidi. Maji yapo chini pale. Nimeshika mawe tangu utoto wangu, na jiwe lenye maji nalijua kwa mlio wake."

"Haling'olewi lile."

"Kwa ajili ya jini?"

"Hakuna jini, Ngwali." Bi Time alimwita jina lake, jambo ambalo hakulizoea. "Nakwambia nisilowahi kumwambia hata marehemu baba yake Mize. Chini ya lile jiwe kuna bahari."

Ngwali akacheka kidogo. Hakukusudia kumvunjia heshima, alikuwa amechoka tu. "Bahari, mama? Bahari iko kule. Hapa tuko katikati ya kisiwa, hata mvumo wake haufiki vizuri."

"Nilivyoambiwa ndivyo ninavyokwambia."

"Aliyekwambia alichimba akaiona?"

"Hakuchimba."

"Na aliyemwambia yeye?"

Hakuna aliyewahi kuchimba, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona. Bi Time akasema, "Vuli haiko mbali, baba. Subira. Maji yanarudi kila siku."

"Yanarudi ya kumzuia mtu mzima asife. Mimi sijiombei, mama, mimi nitaishi. Ukiniambia nisubiri, nitasubiri, wallahi. Lakini twende kwanza ukamtazame, kisha neno hilo uniambie mbele yake."

Bi Time akajitanda kanga yake akaenda. Alimkuta Mize amekaa mkekani, mtoto mapajani. Mbaruku akapanua mdomo kulia, ulimi mweupe, na hakuna kilichotoka. Mize hakumwomba mama yake kitu. Alimwinulia macho tu. Laiti angalisema neno, hata la ukali, Bi Time angalikuwa na pa kushika, kwa maana maneno aliyazoea, wakubwa kwa wadogo walikuja kumlilia kisimani kila siku naye akasimama. Kunyamaza kwa binti yake hakukuweza.

Akatoka nje, akamwambia Ngwali kwa mgongo wake, "Kaling'oe."

Yeye ndiye aliyejua, wajukuu zangu. Kisiwa kizima, aliyejua ni yeye, na yeye ndiye aliyelitamka.

Kesho yake asubuhi Ngwali na wanaume wengine wakashuka kisimani na mitaimbo. Jiwe lilikuwa zito, limeganda, likatoka kwa tabu. Wazee wawili watatu walisimama mbali wakimsomea jini lao. Jini hakutokea. Ngwali akapiga mtaimbo, akapiga tena, na hapo yakaja. Yalitoka ubavuni na chini, kwa kasi, baridi, yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na yeye akayachota kwa viganja akanywa, akapiga ukelele mpaka walioko ufukweni wakasikia. Yalikuwa matamu. Wallahi yalikuwa matamu kuliko yale ya juu.

Nikuelezeni furaha ya siku ile? Siwezi. Watu walikuja na ndoo, na mitungi, na masufuria, na vyungu vilivyotoboka. Kata ikasahauliwa ukutani. Watoto waliogeshwa mpaka wakakimbia. Wanawake wakafua nguo za miezi. Mtu mmoja, mwendawazimu kabisa, akamwagilia mpapai wake uliokwisha kufa. Bi Time alisimama kando, amefunga mikono, na wote waliopita walimshika bega wakamwambia, "Mungu akuweke, Bi Time, umetuokoa." Naye akaitikia amina, kwa sababu angeitikia nini?

Na Mize alikunywa. Alikunywa akapumzika akanywa tena, na jioni ile maziwa yakaja, yakamlowesha kanga. Mbaruku alinyonya mpaka akalewa. Alipoamka akalia kwa sauti yake yote, na majirani wakaja nyumbani kwa Ngwali, wamejazana mlangoni, wanamsikiliza mtoto akilia, wanacheka na kufuta machozi. Bibi Mize aliniambia hakuna ngoma aliyowahi kuisikia iliyompendeza kama ule ukelele. Aliniambia hivyo akiwa mzee sana.

Walichota siku ile, wakachota ya pili yake. Kadiri walivyochota ndivyo yalivyokuja, basi wakazidi kuchota. Kisha asubuhi moja, katika nyumba ya jirani, mume akaonja uji akaukunjia uso. "Mke wangu, nani katia chumvi yote hii?"

Mkewe akamwambia, "Uji huo sikutia chumvi hata punje."

Wakatazamana. Mwanamke akachukua maji mtungini akaonja, akatoka mbio kwenda kwa jirani wa pili, na huko akakuta na wao wameshika bilauri zao wanatazamana. Kufika adhuhuri kisiwa kizima kilikuwa kisimani. Ngwali alishuka ndani, akaonja, akatema. Akaonja upande mwingine, akatema. Watu wakamwuliza kutoka juu, "Vipi? Vipi huko?" Alisimama ndani ya maji yale yaliyomfika kiunoni, akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Bahari. Tumeikuta bahari."

Mmeona ilivyokuwa? Yale matamu yalikuwa tandiko jembamba tu. Walipoyateka kwa pupa na kuyafungulia njia kutoka chini, yalipokwisha, ya chumvi yakapanda kuchukua nafasi. Ngwali alirudisha udongo wote kwa mikono yake, akalirudisha na jiwe, akalipanga kama alivyolikuta. Hakulala mpaka amemaliza. Asubuhi maji yalikuwa yamesimama juu ya jiwe, safi, yanang'aa, na ya chumvi. Sasa hata ile kata moja ikawa haipo.

Walijaribu kila kitu. Walichimba mchangani wakapata maji ya magadi. Walitandaza shuka nje wakakamua umande, ukatoka wa kulowesha kidole. Wenye nguvu walistahimili. Wengine walikunywa ya kisima hivyo hivyo, yakawazidishia kiu na kuwaharisha. Mize naye aliyanywa, kwa sababu aliona bora kitu kuliko pasipo na kitu, na maziwa yake safari hii hayakupungua. Yalikatika. Ngwali alizunguka nyumba hata nyumba na kikombe, akaomba masazo ya yale maji matamu ya siku ya furaha, na watu hawakuwa nayo. Walikuwa wamefulia nguo.

Mbaruku alikufa mchana, mikononi mwa baba yake, bila kulia.

Walimwosha kwa maji ya kisima kile kile. Maji ya kumwosha yalikuwa tele. Nawaambieni lile lilikuwa chungu, na mpaka leo sipendi kulisema, ingawa mtoto yule sikumwona na mamake nilimjua akiwa ajuza. Kisima kimejaa, kinameremeta, kinatosha kuosha maiti za kisiwa kizima, na hakuna funda moja la kutia kinywani mwa mtoto.

Walipomaliza kuzika, wanaume wakarudi, Ngwali akabaki amechutama uani peke yake, analia kwa kwikwi. Bi Time akatoka ndani, akaja akakaa mbele yake. Mbele yake, nimesema. Akamtazama usoni, mkwe na mkwewe, tangu siku ya ndoa ndiyo mara ya kwanza.

"Baba," akamwambia, "wewe hukujua. Mimi nilijua. Lia kilio chako, lakini changu usinichukulie."

Vuli ilifika kabla matanga hayajaanuliwa. Haikuwahi hata siku moja mbele ya mazoea yake, wala haikuchelewa, ilikuja wakati wake kama Bi Time alivyosema. Ilinyesha mchana kutwa, na waliokuja kwenye matanga wakatoka mbio kutega vyombo chini ya makuti. Mize hakutega. Alikaa pale pale kwenye mkeka wa msiba, anasikiliza maji yakimiminika, mpaka shangazi mmoja akamletea bakuli akamshika kichwa akamnywesha kama mgonjwa.

Watu walidhani mvua itakiponya kisima. Haikukiponya. Chumvi ikishapanda kwenye jiwe la vitundu haishuki kwa vuli moja wala kwa masika mbili. Walikaa wakinywa maji ya mapaa, yalipokwisha, na bahari imetulia, wakapakia vitu vyao mashuani wakaja huku bara. Ndiyo sababu Membeni haina watu, na ndiyo sababu sisi tuko hapa. Bi Time alifika, akapewa chumba kizuri, mto uko karibu, maji bwerere. Aliishi miezi michache. Hakuugua ugonjwa wenye jina.

Ngwali alitafuta kazi, na mvunja mawe atapewa kazi gani mji usio na mawe? Wakampa kuchimba visima. Alikuwa hodari. Lakini alikuwa na jambo moja lililowaudhi wenye nyumba. Akishayaona maji tu, yamefika vifundoni, anapanda juu, anakusanya zana zake. Mwenye nyumba atamwambia, "Fundi, ongeza kidogo basi, mbona umefika tu umeacha? Huku bara, huku hakuna bahari." Na Ngwali alikuwa na jibu moja, hakuwahi kulibadilisha. "Mimi nilizidi kuchimba, nikaikuta bahari." Hasemi zaidi, anaondoka.

Watu hawakujua habari yake. Wakamwona kituko. Watoto wakamwigiza njiani, vijana wakalipeleka neno lake kwenye karata, likakatwa hapa likaungwa pale, likawa hivi mnavyolijua, na kila anayelisema analisema kwa kicheko. Ngwali alilisikia likirudi kwake hivyo, na hakuwakemea. Mize naye alilisikia. Akiwa chumbani na mtu akalisema, alikuwa anainuka anatoka, na watu wanamwambia, "Bi Mize, kaa, mbona mapema?"

Huku bara walizaa mtoto mwingine, wa kike, naye ndiye mama yangu mzazi. Kwa hiyo Mize ni bibi yangu, nimelala naye kitanda kimoja, nimemkanda miguu. Siku moja, nikiwa mdogo kuliko Shani, nikamwuliza lile ambalo najua na nyinyi mnataka kuniuliza. Nikamwambia, "Bibi, ile kata moja na nusu ya Bi Time, na ile nusu aliyokuwa akikuletea jioni, zilikuwa zinatosha?"

Akafikiri. Akaniambia, "Hazikutosha. Nilikuwa na kiu usiku na mchana."

Nikamwuliza, "Na Mbaruku?"

Akanishika kidole. Kisha akasema, "Mbaruku alikuwa hai. Alikuwa amekonda, sauti imemkauka, lakini alikuwa akishika kidole changu hivi, anakikaza. Alikuwa hai, mjukuu wangu. Tuliona hakutoshi, kuwa hai."

Ukizidi kuchimba, utaikuta bahari.